Ukingo Uliofyekwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Apolonia alifagia uwanja mpaka usibaki unyasi. Kwao Temeke, kijito kilipita nyuma tu ya nyumba, na mtaa mzima uliona majani karibu na makazi kuwa ni aibu. Mama yake, Kokushubila, mjane aliyetoka Bukoba, hakutaka kabisa kusikia kwamba wao ni wachafu.

Likizo ya Desemba nyoka alionekana uani. Hapo hapo mama akatoa panga na jembe. Mama na binti waliteremka kijitoni, wakafyeka matete yote ya ukingoni, wakang'oa hadi mizizi, wakachoma moto. Majirani wakawasifu. Aliyebaki na matete yake ni Mzee Jaffar, mwenye duka wa ng'ambo ya kijito, na watu walimcheka eti anafuga nyoka.

Masika ilipoingia, maji yakaanza kumega ukingo. Banda la kuku likaenda. Wakapanga viroba vya mchanga, maji yakavichukua. Wakatupa matairi na vifusi, navyo vikaenda. Kisha jiko likaporomoka mchana kweupe, wao wamesimama wanatazama, na ukuta wa chumba cha kulala ukapasuka. Masikini mama! Alikaa kizingitini akalia, maana nyumba ile ndiyo pekee aliyoachiwa na marehemu mumewe, na hakuwa na pa kwenda. Apolonia alitaka kumtuliza, lakini amwambie nini? Maji hayaambiwi basi.

Ng'ambo, ukingo wa Mzee Jaffar haukusogea. Matete yalilala maji yakipita, kisha yakainuka. Mvua ilipokatika, Apolonia akaenda, akampa shikamoo, akamuuliza kama yeye haogopi nyoka.

"Nyoka nikimwona nampisha," alijibu mzee. "Mto ukinijia, nitaupisha niende wapi, mwanangu?"

Akawapa machipukizi ya matete na pingili za mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe. Wakachonga ukingo uwe mteremko, wakapanda. Mvua iliyofuata ikazoa karibu yote. Mama akasema basi, wameshindwa, wangoje tu nyumba ianguke. Apolonia akaona haya kurudi kuomba, lakini akarudi. Wakapanda tena, safari hii wakibana kila shina kwa vigingi, bila uhakika wowote kwamba yatashika.

Vuli ilipofika, matete yalikuwa yamepita kiuno. Mvua kubwa ikanyesha kutwa, kijito kikajaa, na mama na binti wakakaa mlangoni kwa hofu. Maji yakayalaza matete, yakapita. Ukingo ukabaki pale pale.

Jiko halikurudi. Hadi leo wanapikia barazani, na ule ufa bado upo ukutani.

"Usafi ni kuondoa takataka," mama alimwambia Apolonia asubuhi baada ya mvua ile kubwa. "Mimi niliondoa kilichokuwa kimeishika nyumba yetu. Mwanangu, kabla hujang'oa kitu, uliza kwanza kimeshika nini."