Diski Inahesabu Makalio

Siku hiyo mjinga alikuwa Elkana Gisiri. Tuanze hapo, tusizungushane.

Jasusi mzima, mtoto wa Isebania aliyekwepa majambazi wa mpakani kabla hajaota ndevu, aliukuta mlango wa stoo ya barafu pale Karungu uko wazi mchana kweupe, akajiambia bahati imemkumbuka. Akaingia, Glock mkononi.

Mlango ukafungwa nyuma yake.

Komeo likalia kwa nje.

"Karibu, afande," sauti ya Cephas ikapenya. "Barafu ni ya bure."

Cephas ndiye aliyevusha vilipuzi vya machimboni chini ya magunia ya omena, dagaa wa ziwani, akawauzia wageni wasiokuwa na mgodi wowote. Asubuhi hiyo alikuwa amemnasa Willis, mpakiaji wa samaki aliyekuwa akimpa Gisiri habari. Sasa malori mawili, yanayofanana kama mapacha, yalikuwa njiani: moja la Homa Bay, moja la mpakani. Willis alikuwa ndani ya mojawapo, amefungwa kamba juu ya mzigo. Mwisho wa safari ile ungekuwa mwisho wake.

Redio yake ya Motorola ikakwaruza. Ni Mourine, mwenzake wa kazi, ofisini Homa Bay.

"Nina gari moja la askari, omera, ndugu yangu. Nilitume wapi?"

Gisiri hakujua. Kuta zilitoka jasho la baridi. Dirisha hakuna. Kulikuwa na meza tu, na juu yake kompyuta iliyorekodi kamera za uani.

Kamera zilimwona Willis akipakiwa!

Akafungua folda ya video. Tupu. Akafungua nyingine. Tupu. Cephas akacheka nje, akamwambia asijisumbue, alishafuta zote kwa simu.

Lakini kompyuta ilidai diski imejaa, nafasi imebaki kiduchu. Gisiri akajumlisha kila faili aliloliona. Hayakufika hata robo ya diski.

"Mashine hii inadanganya," akaiambia redio. "Naizima, naiwasha upya."

Zima-washa ndiyo dawa pekee ya kompyuta aliyowahi kujifunza. Aliitumia kama nyanya anavyotumia mwarobaini: kichwa, tumbo, na hata mapenzi.

Kidole kikafika kwenye swichi.

"Elkana. Toa kidole."

Akakitoa.

Mourine akamuuliza kama amewahi kuhudhuria matanga ya kwao. Gisiri akasema amekula mengi.

"Mtu ameshakalia kiti cha mheshimiwa. Ukibandua jina lililobandikwa kitini, anainuka?"

"Hainuki. Anangoja nyama."

"Basi. Cephas amebandua jina tu. Programu ya kamera bado inarekodi, bado imelishika faili la leo. Folda inakuhesabia majina, omera. Diski inahesabu makalio. Ukizima, programu inainuka, na faili linaondoka nayo, halirudi."

Gisiri akakitazama kidole chake kama mtu anayemtazama ndugu msaliti.

Taa zikazimika.

Cephas alikuwa amekata umeme.

Kioo cha kompyuta kikabaki kinawaka, na chini ya meza UPS, kifaa cha umeme wa akiba, ikaanza kulia. Pii. Pii. Betri yake ilikuwa kuukuu.

"Andika lsof, ikuorodheshee mafaili yote yaliyoshikwa," Mourine akasema.

Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Akakosea. Akavipulizia, akarudia. Mistari ikamwagika, na mmoja ulikuwa na neno *deleted*, yaani limefutwa, mwishoni: faili kubwa, halina jina kwenye folda yoyote, limekaa pale limekunja nne. Akamsomea Mourine namba ambayo programu ililishikia, naye akamwelekeza alinakili kupitia namba hiyo. Gisiri akachomeka flashi yake ya SanDisk.

Pii-pii-pii.

Nakala ikasonga kama konokono aliyeshiba.

Pii-pii-pii-pii.

Ikaisha. Akaifungua, akapeleka mbele, mbele, mbele. Willis huyo, anasukumwa ndani ya lori. Lori likatoka getini, likashika njia ya Homa Bay.

"Homa Bay. Turubai lina kiraka chekundu."

"Nimepata."

UPS ikanyamaza. Giza likammeza.

Akangoja, mgongo ukutani, meno yakigongana. Kilichomtesa si baridi. Ilikuwa redio iliyokaa kimya.

Mwishowe ikakwaruza. Lori limesimamishwa pale Rodi, kabla ya kufika Homa Bay. Willis yuko hai, ananuka omena, anatukana kwa Kijaluo.

Nje, Cephas alikuwa akimpigia dereva wake simu bila kujibiwa. Hasira ikamfanya afungue komeo, bastola mbele, aje amuulize mfungwa wake. Gisiri akamwangushia bonge la barafu kwenye kifundo cha mkono. Bastola ikadondoka. Glock ikamgusa pua.

"Karibu," Gisiri akasema. "Ni ya bure."

Akamfunga pingu, akamkabidhi kwa askari wa Karungu, akatembea taratibu kuelekea ufukweni, mikono mifukoni, akiota jua. Lakini mdomo haukutulia. Akaiambia redio kwamba hata hivyo, mashine ile ilimdanganya.

Mourine akamwacha amalize.

"Mlango ulikuambia karibu, ukauamini. Mashine ikakuambia ukweli, ukataka kuizima."