Nilimfuta Wakili Nikaamini Simu, Dada Yangu Akapoteza Nyumba

Wasomaji wenzangu, nina miaka hamsini na mbili. Shule niliachia darasa la sita, lakini msinidharau! Nilianza kwa kubeba nyama kichinjioni Dagoretti, na leo nina ploti mbili za vyumba vya kukodisha Kinoo. Kwa mikono hii yangu...

Aliyenishika mkono ni mmoja tu, dada yangu mkubwa Wanjiru. Mama alipofariki, yeye ndiye alinilea. Hakuolewa. Alibaki kwa shamba letu la Mutuini na ng'ombe wake wawili. Shamba lilikuwa kwa jina langu, na mwaka jana nikapata mnunuzi.

Nilikuwa na wakili mjini, mama mmoja mpole. Kila mkataba, swali lake ni lile lile: "Na nani anaishi hapo, Mzee Kamau?" Lilinichosha! Nikamwambia, "Wakili, unauliza maswali kama chifu." Nikamfuta.

Nikaweka app ya akili bandia kwa simu. Niliipima kwanza, mimi si mjinga! Niliipa mkataba wa zamani ambao wakili aliuandika wiki nzima. Dakika moja tu, ikanieleza wote kwa Kiswahili. Nikawatangazia marafiki kwenye nyama choma, "Mawakili wameisha!"

Mnunuzi, bwana mmoja wa suti, akaleta mkataba wake wa Kiingereza, kurasa kumi na nne. Kuhusu Wanjiru, aliniambia tukinywa chai, "Mzee, mathe atakaa kwa nyumba yake mpaka Mungu amwite." Tukapeana mikono.

Nikaipa simu kurasa zote, nikauliza: kuna mahali muuzaji anaonewa? Ikajibu hakuna. Nikatia sahihi.

Na haikudanganya... Muuzaji hakuonewa. Wanjiru ndiye hakuwa kwenye karatasi!

Baada ya miezi mitatu, alipewa siku saba ahame. Nikakimbia kwa wakili yule yule. Akaweka kidole kwenye karatasi. "Hapa umekubali kukabidhi shamba bila mtu ndani. Na hapa, kwamba yaliyosemwa kwa mdomo hayahesabiki." Alimwandikia mnunuzi barua. Haikujibiwa.

Ndipo nikaelewa. Niliipima simu kwa mkataba ambao maswali yake yote wakili alikuwa ameshayauliza!

Tingatinga lilipofika kubomoa nyumba yake, mimi, mwenye ploti mbili, nilisimama kando ya ua nimeshika kamba ya ng'ombe. Ningefanya nini? Wanjiru hakulia. Aliniambia tu, "Kamau, uliuliza simu. Mimi ulishindwa kuniuliza?"

Sasa anaishi kwa chumba changu Kinoo, ghorofa ya tatu. Ng'ombe tuliuza. Lakini bado anaamka alfajiri, anakaa kitandani, mikono haina kazi...

Ndugu zangu, simu ikusomee karatasi, sawa. Lakini kabla hujatia sahihi, nakuomba, nenda usimame kwenye hilo shamba asubuhi. Angalia moshi unatoka kwa jikoni ya nani.