Mgomba Uliogeuzwa

Wasimulizi wa vita hupenda kuhesabu mikuki, na jambo hilo huniudhi kidogo. Katika enzi ninayoisimulia, misafara ya pwani ilikuwa bado ikionekana kwa nadra miguuni mwa Kilimanjaro, na kila mgongo wa mlima ulikuwa na mtawala wake aliyeitwa mangi. Nchi mbili za mlima huo zilishindana mwezi mzima, na silaha iliyokata shauri ikawa jembe.

Mbarua ilikuwa juu na Kirongwe chini. Maji yote ya Kirongwe yalipita kwanza Mbarua, kwa mfereji wa tangu mababu. Mwaka ule wa kiangazi, ulezi ukiwa umefika magotini, watu wa Mbarua waliuziba mfereji kwa mawe na magogo. Kisha wakamtuma jemadari wao, Mrecha, mtu mrefu aliyevaa ngozi ya mbega mabegani na kubeba ngao ya nyati. Alisimama uani kwa Mangi Kimboka wa Kirongwe akasema bila kupandisha sauti.

"Mangi wangu hataki ng'ombe wala pembe. Anataka ukoo wa wachimba mifereji, wake kwa waume, watoto wao na majembe yao. Wakihamia kwetu kutumikia, maji yatafunguliwa. Tunakupa mpaka mwezi mwandamo."

Mwenye kutoa dai hilo hakuwa mjinga. Ng'ombe huliwa wakaisha. Anayejua kuyaongoza maji ubavuni mwa mlima huzalisha shamba mahali palipokuwa na majani makavu, na watoto wake huzalisha jingine.

Ukoo uliotakiwa ulikuwa na ndugu wawili wakuu. Mlaki, kaka mtu, ndiye aliyerithi kazi kwa baba yao. Mdogo wake, Kiwaso, alikuwa mtu wa maswali mengi kiasi cha kuchosha. Mangi Kimboka aliwaita, akawaambia ukweli mchungu kwamba watu elfu wakikaribia kufa njaa hataweza kuukinga ukoo mmoja.

"Ipo chemchemi ya Wona, ndani ya msitu," akasema Kiwaso. "Haina mwenyewe. Tukiileta hapa, Mangi, hatumhitaji mtu."

"Ni mwendo wa siku mbili kwa miguu," Mangi akajibu. "Mfereji mrefu hivyo nani amewahi kuuchimba?"

"Hakuna. Lakini na mimi sijawahi kuwa mtumwa."

Mlaki alicheka, akamshika mdogo wake bega. Waligawana watu sitini. Mlaki akapanda na thelathini kuanza chemchemini kuja chini, na Kiwaso akaanza mashambani na thelathini kwenda juu, ili wakutane kwenye bega la mlima kati ya msitu na nchi.

Kila kundi lilikuwa na kipimo chake. Kilikuwa shina la mgomba lililopasuliwa kwa urefu na kukombwa ndani, urefu wa mtu mmoja. Walikilaza ardhini, wakamimina maji ya kibuyu. Maji yakizidi kwa kidole kimoja upande wa chini, mteremko ni mzuri, watu wachimbe. Yakizidi zaidi, maji ya mfereji yatakuja kwa kasi na kubomoa kingo. Kipimo kilibarikiwa kwa pombe ya mbege siku ya kwanza, na hakikubadilishwa mpaka maji yafike. Tena kichwa cha mgomba, ule upande mwembamba, sharti kielekee chemchemini siku zote. Aliyekigeuza alihesabiwa kuwa amewapa mababu kisogo, na adhabu yake ilikuwa kufukuzwa nchini maisha.

Wakachimba. Penye mwamba waliwasha moto, wakaumwagia maji ya baridi mpaka ukapasuka. Penye korongo walitundika magogo yaliyotobolewa ndani, wakayashika kwa nguzo na kamba za mizizi. Siku ya kumi na sita makundi yakaonana kwenye bega la mlima, watu wakapiga vigelegele na kukimbiliana.

Kisha wakanyamaza. Mfereji wa Mlaki, uliotoka kwenye maji, ulikuwa umefikia chini ya mfereji wa Kiwaso kwa kimo cha mtu na nusu. Maji yangepaswa kupanda.

Walikuwa bado wanatazamana pale Mrecha alipotokea msituni na wapiganaji mia mbili. Alikuwa amesikia habari za kazi hiyo na amekuja kuivunja. Wachimbaji walishika majembe, wengine wakaanza kuwaaga ndugu zao kimoyomoyo. Mrecha alikwenda mpaka pale mifereji miwili ilipokosana, akatazama juu, akatazama chini, akawaita wenzake waje waone. Vicheko vyao vilisikika bonde zima.

"Waacheni," akasema, akijifuta machozi. "Nimwage damu ya watu ambao mangi wangu anawahitaji, kwa ajili ya shimo? Tutakutana mwezi mwandamo."

Wakaondoka meno nje. Nadhani hakuna kosa lililowahi kuokoa roho nyingi hivyo mlimani.

Zilibaki siku kumi. Mlaki aliketi kwenye ukingo, kichwa mikononi.

"Nilipima kila hatua, Kiwaso. Kila hatua! Kama baba."

"Nami pia, kaka. Ndiyo maana nahisi mkosaji si wewe wala mimi."

Kiwaso alichukua kipimo, akakilaza juu ya mwamba uliokuwa bapa, akamimina maji. Yalijaa zaidi upande wa kichwa. Akamwaga, akakigeuza pale pale, kichwa kikaelekea nyumbani, akamimina tena. Yakajaa zaidi upande ule ule wa kichwa. Watu waliguna. Mmoja aliyageuza macho yake asione.

"Tazama, kaka. Mwamba haukusogea. Mifereji ya baba ilichimbwa kwa siku mbili tatu tu, mgomba bado mbichi. Huu umekaukia kazini, na upande mwembamba umenywea ukainama. Maji yanakimbilia kichwani hata pasipo na mteremko, kwa hiyo kila hatua tuliinamisha ardhi kupita kiasi ndipo kipimo kituridhishe. Wewe ukashuka mno, mimi nikapanda mno."

"Tukate mgomba mwingine, basi."

"Nao utanywea kabla ya siku ya tano. Tupime kila mahali mara mbili, kichwa huku, kisha kichwa kule, tuchukue katikati. Uongo wa mara ya kwanza utafutwa na uongo wa mara ya pili."

Mlaki alikuwa mkuu wa ukoo, na mwiko ulikuwa umekwisha kuvunjwa mbele ya watu sitini. Hatimaye alisimama, akashika jembe.

"Geuzeni," akasema.

Kila kundi lilirudi mwanzoni mwake. Huko kosa lilikuwa dogo, ikatosha kukwangua au kujazia. Kadiri walivyosogea ndivyo kazi ilivyokuwa nzito. Wanawake walileta ndizi na maharage mpaka ukingoni mwa msitu. Wachimbaji walifanya kazi ya kufa na kupona, viganja vikachubuka, na siku ya tisa mifereji miwili ikakutana, sakafu kwa sakafu.

Siku ya ahadi Mrecha alikuja na kamba. Ukoo mzima ulikuwa uani kwa Mangi, mizigo imefungwa, mke wa Kiwaso akimnyonyesha mtoto juu ya furushi. Kabla jua halijafika utosini, maji yalishuka mfereji mpya, ya rangi ya udongo, yakisukuma majani makavu mbele yake. Yakaingia kwenye ulezi. Watu wazima walilia wazi wazi.

Mrecha aliyachota kwa kiganja, akayaonja.

"Nilitumwa kuchukua wenye kiu," akasema. "Hapa simwoni hata mmoja." Akakunja kamba zake, akarudi kwao.

Mbege ilinywewa siku mbili. Siku ya tatu wazee wa ukoo walikaa kikao, maana sheria ni sheria, wakauliza nani aliyekuwa wa kwanza kukigeuza kichwa cha mgomba. Kiwaso alianza kuinuka. Mlaki alikuwa amekwisha kusimama.

"Ni mimi."

Watu sitini walijua si kweli. Hakuna aliyefungua kinywa.

Kiwaso alimfuata mpaka mpakani, akilia bila kuficha. "Kaka, kwa nini? Nirudi niseme!"

"Ukisema nini? Mimi niliona maji yakija, mdogo wangu. Wewe unajua kwa nini yalikuja. Wakimfukuza ajuaye, yule mtu wa Mbarua atakuwa ameshinda bila kurudi. Nenda ukafundishe watoto wetu."

Akateremka kwenda nyikani na jembe begani. Hawakuonana tena. Kirongwe ilimtaja Mlaki vizazi vingi kuwa ndiye aliyegeuza mgomba, wengine wakimlaani, wengine wakimsifu. Kiwaso alijaribu mara nyingi kuwasahihisha, na kila mara walimwambia kwamba ni mapenzi ya ndugu tu yanayomsemesha.