Chumba Kisichofukizwa

Alasiri ya Alhamisi, Afiya alisikia harufu ya udi chumbani mwake, na chumba hicho kilikuwa hakijafukizwa kwa mwezi mzima.

Mama yake, Bi Mastura, alikuwa na desturi ya kupitisha chetezo cha udi nyumba nzima kila Alhamisi, akiwasalimu wenyeji wasioonekana ili kila mmoja akae na mwenziwe kwa heri. Afiya, aliyekuwa mwaka wa tatu akisomea fasihi katika chuo kimoja Kilifi, alimfungia mlango.

"Moshi hauna maana, Mama," alimwambia. "Maana tunaitia sisi wenyewe."

Hilo alilisoma katika kitabu cha nadharia, na ndilo pekee alilolishika humo. Yaliyobaki yalimshinda. Jumatatu angesimama kuyaeleza mbele ya darasa, na mara ya kwanza alikuwa ameshaanguka. Akianguka tena, anatolewa chuoni.

Alisoma ukurasa kwa sauti, akaurudia, kisha akakitupia kitabu mtandio ili asikione.

"Hata akiwa shetani," alisema, "na aje anieleweshe."

Nyuma ya kabati mtu alicheka taratibu, kama mtu mzima anayemtazama mtoto akivaa viatu kinyume.

"Hujaelewa," sauti ikasema. "Rudia."

Akakifunua kitabu, akarudia, kwa kuwa mlango ulionekana mbali kuliko ulivyokuwa asubuhi, na kila alipomaliza sentensi sauti ilikuwa imesogea, kwanza kando ya kabati, kisha ukingoni mwa kitanda, kisha ndani ya sikio lake, ikimwita mjakazi wa maneno ya watu, ikimfafanulia kila jambo kwa dharau na kwa wepesi wa kutisha, hata ukurasa uliokuwa giza ukawa wazi kama maji ya kisima, naye, Mungu amsamehe, akafurahi.

Jumatatu alifunua kinywa tu. Mengine yalisemwa. Mhadhiri wake, Bwana Karisa, mtu mpole ambaye mwanafunzi akikwama humwambia "tutaelewa pamoja," alivua miwani.

"Miaka yote nimekifundisha kitabu hiki kwa kubahatisha," alisema. "Laiti ningepewa mimi akili hiyo."

Afiya alihisi kitu ndani yake kikigeuka kumtazama mhadhiri.

Jioni Bi Mastura aliuliza kama apakue wali. Sauti nzito ya kiume ilitoka kinywani mwa binti yake.

"Mwanamke wa moshi na sufuria. Wewe umewahi kuelewa nini?"

Bi Mastura aliweka mwiko chini, akajitanda leso, akaenda kumwita Mwalimu Athman, mtoa mashetani wa mtaa.

Mwalimu aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi ili ziwe kombe la kunywa.

"Unataka nini kwa kiti chako, huyu binti unayemkalia?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Pete? Kitambaa?"

"Nyinyi na pete zenu. Nimekaa kwa wavuvi, nimekaa kwa wenye maduka. Sasa nimepata kiti kinachosoma, ingawa ni kijinga."

Mwalimu aliinama. "Afiya, mwanangu, hatoki huyu mpaka umwambie wewe. Wewe ndiye uliyemwita."

"Akitoka," Afiya alinong'ona, "nitarudi kuwa sijui kitu."

"Ndiyo."

Alimtazama mama yake, ambaye bado hakuthubutu kumkaribia.

"Toka," alisema, akanywa.

Kicheko kilipita dirishani, na harufu nyuma yake. Afiya alifungua kitabu. Hakuelewa hata sentensi moja, na akalia kwa shukrani. Alhamisi mlango wake ulikuwa wazi, na chetezo kikaingia.

Jumatatu iliyofuata alinyoosha mkono darasani.

"Mwalimu, nisamehe. Niliyoyasema hayakuwa yangu. Ukurasa huu siujui. Naomba tuanze mwanzo."

"Profesa wa wiki moja," alisema mwanafunzi mwenziwe, Hope, kutoka nyuma, na watu wakacheka.

Afiya hakujali. Alingoja yale maneno mapole aliyoyazoea. Bwana Karisa alikuwa ameinamia kitabu, na ingawa madirisha yote yalikuwa wazi na upepo ukipita, harufu ya udi ilizidi kuwa nzito kuanzia meza yake hadi viti vya mbele, hadi kooni mwa Afiya.

Bwana Karisa alicheka taratibu.

"Hujaelewa," alisema. "Rudia."