Mfuniko wa Pipa la Maji

Kengele haina kazi katika bweni la viziwi. Shuleni kwao, nje kidogo ya mji wa Korogwe, kiranja Sabiri alipunga bendera ya kijani, na wote waliokuwa uani wakainua macho. Bendera ya uji, bendera ya darasa, bendera ya maji ya kunywa, zote ni ileile moja. Mwenye jambo la kuwaambia wote huishika yeye, na wote humtazama.

Munira aliichukia bendera hiyo. Alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuwa kiziwi kabisa. Alisikia kidogo kwa kifaa cha nyuma ya sikio, na kila siku alikificha chini ya mtandio. Kijijini kwao Kwedizinga watoto walikuwa wakiuvuta mtandio huo ili waone "redio ya Munira", wakacheka mpaka wakakaa chini. Tangu hapo hakupenda kutazamwa. Mtu mmoja akimtazama, alivumilia. Watoto arobaini, hapana.

Wiki hiyo zamu ya maji ilikuwa yake. Kila jioni Mama Josefina, mpishi wa shule, alichemsha maji, akayapoza na kuyamimina kwenye pipa la bluu lenye koki pale barazani. Kazi ya mwenye zamu ilikuwa ndogo mno: kuosha vikombe na kuhakikisha pipa limefunikwa. Jumatano jioni Munira aliuchukua mfuniko, akauweka chini ya kamba ya nguo, akaanika juu yake viatu vyake ili visishike udongo. Jamani, viatu juu ya mfuniko wa maji ya kunywa! Kisha akausahau hukohuko.

Alhamisi asubuhi alikuta pipa liko wazi. Akachungulia. Ndani alikuwamo panya, anaelea tumbo juu, manyoya yamemganda, meno nje, na mkia umenyooka kama mzizi. Vinyesi vyake vyeusi vilikuwa vikizunguka pembeni. Harufu ikampanda Munira puani, ikashuka kooni, mate ya kichefuchefu yakamjaa mdomoni.

Alimwopoa kwa kata, akamtupa kwenye shimo la taka nyuma ya jiko. Vile vinyesi akavitoa kwa vidole. Kwa vidole! Alivisugua vidole hivyo kwa majivu mpaka vikawasha, na bado aliviona vichafu.

Kilichobaki kilikuwa rahisi: kumwaga maji na kumwambia Mama Josefina. Lakini habari ingefika shule nzima, na hapo ndipo Munira alipoingiwa na hofu. Viziwi hawaitani kwa majina ya daftarini. Kila mtu ana jina lake la alama, na jina hilo hupewa na wenzake kutokana na kitu walichokiona kwake. Rafiki yake Fatu, anayetoka Hale, ana kishimo shavuni, basi jina lake ni kidole kinachobonyeza shavu. Sabiri aliwahi kuanguka na sufuria ya uji ikamfunika, na mpaka leo jina lake ni sufuria kichwani. Munira alikuja Januari na alikuwa hajapewa jina. Sasa wangemwita nani? Panya! Angezeeka nalo.

Akaurudisha mfuniko. Akalipangusa pipa likang'aa.

Bendera ilipopepea, watoto walipanga mstari na vikombe vyao. Fatu alikunywa kikombe kizima, akaongeza cha pili, akamnyooshea Munira kilichobaki.

"Kunywa," alimwambia kwa mikono.

"Nimeshakunywa," Munira alimjibu.

Aliyaona maji yakipita kooni kwa rafiki yake. Alijiona anatia kinyaa kuliko yule panya, kwa sababu panya hakujua anachofanya.

Siku hiyo alikuja mgeni, Dada Kokila. Baba yake ana duka la vitambaa mjini Korogwe, na yeye alikuwa anasoma chuo kikuu. Alikuwa akichunguza jinsi watoto viziwi na wenye usikivu hafifu wanavyoona aibu, na jinsi wanavyojisikia wanapomkosea mtu. Hakuleta mtihani wa kuandika. Alileta picha, makopo mawili na maharage kumi. Kopo jekundu lilikuwa la "nataka nijifiche". Kopo jeupe lilikuwa la "nataka nitengeneze nilichoharibu". Mtoto aliitwa peke yake, akatazama picha, kisha akagawa maharage kadiri alivyojisikia.

Munira alionyeshwa picha ya msichana aliyevunja mtungi wa jirani, na hakuna aliyemwona.

"Ungekuwa wewe?" Dada Kokila aliuliza polepole, uso wake ukielekea mwangani ili Munira aione midomo yake.

Munira alimimina maharage yote kumi katika kopo jekundu.

"Na hili jeupe? Hata moja?"

"Nikitengeneza, wote wataniona, Dada."

"Haya. Na ukijificha, jirani anachotea nini maji?"

Munira alilisukuma kopo jeupe kando. Dada Kokila naye hakumkemea. Aliandika tu namba kwenye karatasi isiyo na jina la mtu.

Munira alipotoka nje alimkuta Fatu amechuchumaa kando ya ukuta, anatapika. Watoto wengine wawili walikuwa wameshikilia matumbo. Matapishi yalitapakaa barazani, nzi wameshajaa. Mwalimu Rehani, msimamizi wa bweni, alikuwa amesimama mbele ya Mama Josefina, na kwa hasira sauti yake ilifika hata kwenye sikio la Munira.

"Mama, maji uliyachemsha au hukuyachemsha? Sema kweli!"

"Nimeyachemsha, Mwalimu. Haki ya Mungu, yametokota."

"Basi watoto wanatapika nini? Kuanzia kesho usije kazini mpaka kamati ya shule ikae."

Mama Josefina alivua aproni, akaikunja, akaishika kifuani bila kujua aiweke wapi. Mwalimu akaondoka mbio kutafuta gari la kuwapeleka wagonjwa zahanati. Hakuwa amelifunga pipa. Watoto wa darasa la kwanza, waliokuwa wametoka kucheza juani, walikuwa tayari wamepanga mstari, na wa mbele ameshafungua koki.

Munira alipiga kelele, "Acheni!" Upuuzi gani huo, kuwapigia kelele viziwi! Hakuna aliyegeuka. Akamkimbilia Sabiri, akampokonya bendera, akapanda juu ya benchi, akaipunga kwa mikono yote miwili. Mtandio ukamponyoka kichwani, kifaa chake kikabaki wazi. Macho ya watoto wote arobaini yakamgeukia.

"Msinywe!" alisema kwa mikono, bendera ameibana kwapani. "Panya. Amekufa ndani ya maji. Mfuniko nilitoa mimi. Panya nilimtupa mimi. Nikanyamaza. Mama Josefina alichemsha. Kosa ni langu."

Vikombe vikaanguka. Mmoja akatema mate, mwingine akatia vidole kooni. Sabiri aliikunja pua yake yote, akachezesha vidole viwili mdomoni mithili ya meno ya panya, kisha akamnyooshea kidole Munira. Ndiyo hilo jina. Munira alilipokea, akashuka kwenye benchi, akafungua koki mpaka mwisho na kuyaacha maji yatiririke uani.

Kilichomuuma zaidi kilitoka kwa Fatu. Munira alipomsogelea kuomba radhi, Fatu alifumba macho. Kiziwi akikufumbia macho, huna tena pa kuongelea naye. Aliingizwa garini hivyohivyo, macho yamefumbwa.

Zahanati waliwapa dawa na maji ya chumvi na sukari, na wagonjwa wote walirudi baada ya siku mbili. Mwalimu Rehani, alipoelezwa ukweli, alimwomba Mama Josefina msamaha mbele ya watoto, akimwita kwa heshima zote, naye akaivaa tena aproni yake. Munira alisugua pipa kwa sabuni na mchanga mara tatu, akafukia shimo la taka, akaosha baraza lililonuka matapishi huku akiziba pua kwa bega. Hakuna aliyemsaidia. Kila alipopita, vidole viwili vilichezeshwa midomoni. Aliomba zamu ya maji iwe yake tena wiki iliyofuata, na kila jioni alikaa na Mama Josefina mpaka sufuria itokote.

Dada Kokila aliporudi kuwaaga, Munira alimfuata.

"Dada, nataka nigawe upya maharage yangu."

"Siruhusiwi kubadilisha. Jibu la Alhamisi ni la Alhamisi," alijibu huku akitabasamu. "Ila nimesikia habari ya bendera."

Mama Josefina alikuwa karibu, anachagua mchele. Akaweka ungo chini, akamgeukia Munira.

"Sikiliza, mwanangu. Ulipokuwa unaona aibu, ulikuwa unajitazama wewe tu: wataniita nani, wataniona vipi. Mimi nafukuzwa kazi, mwenzako anatapika, wewe unajitazama! Siku uliyotutazama sisi ndipo ulipojua la kufanya. Ukikosea, usijifiche. Mtazame uliyemkosea, utengeneze. Na maji ya kunywa yafunikwe. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama. Nisamehe."

"Nilishakusamehe. Haya, kafunike pipa."

Munira alikwenda. Fatu alikuwa amesimama kando ya pipa na kikombe mkononi, macho wazi. Alimtazama Munira akiuweka mfuniko, akiukandamiza pande zote, kisha akifungua koki na kunywa yeye wa kwanza, kikombe kizima. Fatu akajaza chake, akakinusa kwa muda mrefu, akanywa.

Halafu akaweka kikombe chini, akaichukua bendera, akaipunga, na wenzake walipomtazama, alikunja ngumi moja na kuifunika kwa kiganja cha mkono wa pili. Mfuniko. Akamwelekezea Munira. Sabiri alichezesha vidole vyake mdomoni kubisha, lakini Fatu alirudia, mara ya pili na ya tatu, akimkazia macho, mpaka Sabiri naye akakunja ngumi na kuifunika.