Tone Chini ya Rejeta

Kila asubuhi kabla ya shule, Jeltje alimsikia baba yake akipanda darini kuiongezea maji boila, mtambo wa gesi unaopasha moto maji ya kuipa nyumba joto. Usiku presha ilishuka, boila ikajizima, na nyumba yao ya kule Dokkum, Uholanzi, ikaamka baridi. Februari ya Dokkum haina huruma. Mezani, Babu Oene alikula mkate wake wa jibini akiwa amevaa makoti mawili.

"Imeshuka tena?" aliuliza Babu.

"Imeshuka. Yule fundi kijana niliyemwita anasema kile kipande cha ndani, kinachochukua moto wa gesi na kuupa maji, kimetoboka. Kipya ni euro mia tisa. Nimekwishakiagiza."

"Alipima?"

"Alitazama, Baba. Fundi ni yeye, mimi nani?"

Babu aliweka mkate chini. "Mimi nilipanda kule kutafuta viatu vya kutelezea kwenye barafu. Labda niligonga kitu. Siku hizi nasahau, Sietse."

Sietse, baba yake Jeltje, hakubisha. Jeltje aliinamia kikombe chake, masikio yakimwaka moto, kwani yeye alijua.

Majuma mawili nyuma, rejeta ya chumbani kwake, lile bamba la chuma linalopitisha maji ya moto ya boila, ilikuwa ikinguruma kama tumbo lenye njaa. Baba alikwishamkanya asiiguse peke yake. Lakini Jeltje alikuwa na miaka kumi na miwili, na kujifanya mjuzi ni kawaida ya mtu wa umri huo. Alichukua kifunguo kidogo, akafungua skrubu ya kutolea hewa. Hewa ilitoka, kisha maji meusi yakaruka ukutani. Kwa hofu alikaza harakaharaka, akapangusa, akasukuma sanduku la viatu vyake vya barafu mbele ya rejeta. Tangu siku ile tone lilidondoka, moja moja, juu ya taulo alilolibadilisha kila jioni. Matone machache yataishusha presha ya boila nzima? Alijiambia hivyo mpaka alipochoka kujidanganya.

Ijumaa alimsikia Baba akiongea na shangazi kwenye simu. "Mzee mwenyewe hajiamini tena. Labda tuanze kuulizia ile nyumba ya wazee." Jeltje alijifunika blanketi hadi kichwani. Aliona aibu, na bado hakwenda kumwambia.

Jumamosi asubuhi alikuja Bi Tjitske, fundi wa miaka mingi aliyesoma shule moja na Sietse. Babu ndiye aliyemwita, bila kumwuliza mtu.

"Euro mia tisa kwa kutazama tu?" alisema Bi Tjitske akivua buti. "Sietse, ukiumwa kichwa utakatwa mguu? Nipe kahawa kwanza."

Alipanda darini, akafunga vali mbili zilizo chini ya boila, akaweka alama ya penseli pale mshale wa geji ya kupimia presha uliposimama. "Sasa boila iko peke yake, mabomba ya nyumba yako peke yake. Mshale ukishuka, mgonjwa ni boila. Usiposhuka, tutafute kwingine. Nitarudi saa tisa."

Aliporudi, mshale ulikuwa palepale penye alama.

"Boila yako nzima kabisa," alisema. "Kile kipande ukirudishe. Maji yanavuja humu nyumbani, na kikombe kimoja tu kinatosha kuishusha presha." Alifungua tena vali, akaongeza maji, akagawa karatasi za jikoni. "Kila mtu na rejeta zake. Pangusa maungio yote na ile skrubu ya juu. Karatasi ikilowa, uniite."

Jeltje aliingia chumbani kwake. Aliusogeza mkono kuelekea sandukuni, akaurudisha. Alitoka na karatasi kavu.

"Pakavu," alisema.

Baba alisema kwake pakavu. Babu naye, pakavu. Bi Tjitske alijikuna kichwa. "Maji hayapai mbinguni, jamani."

"Basi ni mimi," alisema Babu taratibu. "Macho haya hayaoni. Ngoja nirudie zangu."

Akashika ukuta, akashusha goti moja, kisha la pili, akaanza kuipapasa upya rejeta ya ukumbini. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa baridi. Sietse aligeuka pembeni asimwone.

"Babu, inuka!" Sauti ya Jeltje ilikatika. "Ni mimi. Ni chumbani kwangu. Niliifungua, ikarusha maji, nikaificha. Nimedanganya hata sasa hivi."

Jeltje alitamani sakafu imfunike. Babu alibaki amepiga magoti, akimtazama.

Bi Tjitske aliingia chumbani, akaondoa sanduku, akaliona taulo lililolowa. Alilegeza skrubu, akaiweka sawa, akaikaza taratibu. Alipopangusa mara ya pili, karatasi ilitoka kavu. Kazi haikufika dakika tano.

"Skrubu ilikaa upande," alisema aliporudi ukumbini. "Kosa dogo, hata mimi nimelifanya. Lakini fundi hutibu anachoonyeshwa, binti. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na wewe Sietse, pima kwanza, nunua baadaye."

"Nimesikia." Sietse alimwinua baba yake, akaendelea kumshika mkono. "Nisamehe, Baba. Nilikubali upesi mno kwamba ni wewe."

"Hata mimi nilikubali," alisema Babu. Akamgeukia mjukuu wake. "Maji tumeyarudisha, Jeltje. Lakini majuma mawili nililala nikiamini akili zinaniacha. Nilianza kuaga vitu vyangu. Tone lako halikuniumiza, mjukuu wangu. Kimya chako ndicho kilichoniumiza. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo."

Jeltje alilia, na Babu alimwacha alie. Alipotulia, Sietse alichukua simu.

"Shangazi yako anasubiri jibu kuhusu ile nyumba ya wazee," alisema. "Nani atamweleza?"

Jeltje alipangusa pua, akanyoosha mkono kuipokea simu. Aliketi kando ya Babu ili mzee asikie kila neno, akaanza kusimulia tangu siku alipochukua kile kifunguo.