Barua Mbili Nilizozificha

Kila Jumamosi asubuhi, kabla Mama hajafungua cherehani yake, meza yetu ya chakula iligeuka ofisi. Baba alipangusa makombo kwa kiganja, akatandika gazeti la zamani, kisha akamwaga juu yake barua za wiki nzima. Kazi ya kuzifungua ilikuwa yangu. Nilipasua bahasha kwa wembe, taratibu, nisije nikakata maneno ya watu, halafu nikazipanga mafungu matatu: wanaosifu, wanaouliza na wanaolalamika.

Baba alikuwa mwandishi wa habari za magari, na ukurasa wake ulitoka kila Jumatano. Nusu ya juu aliandika yeye, baada ya kuliendesha gari jipya na kulipima. Nusu ya chini ilikuwa ya wenye magari, watu walionunua na kukaa nayo, wakaeleza waliyoyaona. Macho ya Baba yalikuwa yameanza kuchoka, na mwandiko wa watu wengine ni kama kuku amepita kwenye matope, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomea. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Akiniita "Karani wangu" mbele ya wageni, kichwa kilinivimba mpaka nikaona mlango mdogo.

Ukurasa ule ulikuwa na sheria moja. Likija lalamiko moja, Baba aliliweka kando akasubiri. Likija la pili linalofanana nalo, hakuandika neno jingine juu ya gari hilo mpaka aende na Fundi, rafiki yake mwenye gereji, wakalijaribu palepale panapolalamikiwa.

"Moja ni bahati mbaya," alizoea kusema. "Mawili ni habari."

Mwaka huo likaja gari ambalo watu walilipa jina la Kifaru. Lilikuwa gari kubwa la familia, limeinuka juu, lina viti safu tatu, la kupita lami na matope vilevile. Kampuni ilimwazima Baba kwa siku mbili, na siku ya pili tukapanda naye, Mama na mimi. Ndani kulinukia ngozi mpya. Tulikwenda kwa barabara iliyonyooka kama rula mpaka pale unapoanza mteremko mrefu, ule unaouzunguka mlima hadi bondeni. Baba akatazama saa. Watu wa kampuni walikuwa wanatusubiri mjini kwa chakula. Akageuza gari.

Jumatano nikasoma gazetini: "Breki za Kifaru zinatii kwenye mteremko wowote." Nilikumbuka tulivyogeuza. Nikajiambia, Baba anayajua magari, mimi najua nini?

Watu waliupenda sana ukurasa ule. Kabla ya hapo Baba alikuwa amepitisha mwaka mzima akiambiwa kwamba sehemu yake itafutwa gazetini, na nyumba yetu ilikuwa na ukimya wa nyumba yenye mgonjwa. Sasa mhariri alimwongezea nafasi na kuweka picha yake. Baba akaanza kupiga mluzi akinyoa ndevu. Mama naye akaanza kumtania, jambo ambalo nilikuwa sijalisikia siku nyingi.

Ndipo ikafika barua ya kwanza. Iliandikwa na mfanyabiashara wa mboga. "Nikishuka mlima na mzigo," alisema, "breki zinanuka kuungua, na pedeli inazama kama nakanyaga sponji." Nilimsomea Baba mpaka mwisho.

"Huyo hajui kutumia gia," Baba akasema. Kisha akaisukuma barua pembeni ya meza. "Iweke kando. Moja ni bahati mbaya."

Siku ile hakupiga mluzi tena.

Wiki mbili baadaye ikaja ya pili, ya mwalimu mkuu wa shule ya mbali. Alikuwa amewabeba walimu wenzake sita. Mteremko, harufu, pedeli: maneno yalikuwa yaleyale. Baba alikuwa jikoni akicheka na Mama. Nilimsikiliza akicheka. Nikaikunja barua, nikaiingiza ndani ya jalada la atlasi yangu, nikaendelea kupasua bahasha. Iliyofuata niliipasua vibaya, nikakata maneno. Jumamosi iliyofuata ikaja nyingine, ya dereva wa hospitali ndogo, nayo nikaifuatisha mwenzake. Safari hiyo sikukata neno hata moja.

Sasa nieleze habari za Shangazi, maana yeye ndiye aliyelipia.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa Baba, naye alikuwa mkunga. Karibu kila mtoto wa mtaa wetu alipokewa kwa mikono yake, mimi nikiwemo. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Alikuwa na gari kuukuu alilobebea wagonjwa wa bondeni, na mwenyewe alisema linakohoa kuliko mgonjwa anayempeleka. Baada ya kuweka akiba miaka mingi, alitaka kununua gari la mwisho la maisha yake. Jumapili moja akaja kwetu.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Wifi, huyu mumeo kila wiki anaandika mapenzi yake na Kifaru. Siku akiposa nijulishe, nije na vigelegele!"

Mama akacheka mpaka akaweka mkasi chini. Baba akajifanya amekasirika. "Dada, wewe cheka tu. Gari kama lile halijawahi kuja."

Baadaye Shangazi alinifuata uani nilipokuwa naanua nguo. Akachukua shuka upande wa pili, tukalikunja pamoja.

"Karani," akasema kwa sauti ya chini, "baba yako namjua tangu anatambaa. Akipenda kitu, hakioni kasoro. Kwa hiyo gazetini nimesoma, lakini nakuuliza wewe unayefungua barua. Wenyewe walionunua wanasemaje?"

Shuka lilikuwa katikati yetu. Niliutazama upindo wake.

"Wanasifu, Shangazi."

"Wote?"

"Wote."

"Haya. Hilo ndilo nililotaka kulisikia." Akanigusa shavu, akaingia ndani.

Mwezi uliofuata akanunua Kifaru. Lilikuwa la kijani. Watoto wa mtaa walilikimbilia wakijitazama kwenye milango yake kama kwenye kioo. Mimi nilisimama kibarazani. Rafiki yangu mmoja akanisukuma begani, "Wewe vipi? Gari la shangazi yako, na umenuna kama limekukanyaga!"

Nilitaka kusema. Kila asubuhi niliamka nikiwa na nia hiyo, na kila asubuhi niliona siku imepita sana. Ningesemaje kwamba nimedanganya, wakati gari limeshanunuliwa? Nikangoja. Wiki tatu nilingoja, na hakuna lililotokea, nikaanza kuamini kwamba halitatokea.

Lilitokea Alhamisi saa nne asubuhi. Shangazi alikuwa anashuka mlima kuwarudisha bondeni mama mmoja na mtoto wake wa siku mbili, pamoja na bibi yake na mizigo yao. Katikati ya mteremko gari likaanza kunuka. Alishusha gia. Alivuta breki ya mkono. Pedeli ilikwenda mpaka chini na gari halikupunguza mwendo. Mbele kulikuwa na kona, na baada ya kona hakuna kitu ila hewa. Shangazi akaligeuza gari upande wa mlima, upande wa kiti chake mwenyewe, akalisugua kwenye mwamba mpaka likasimama.

Mama yule, mtoto na bibi walitoka salama. Mkono wa kulia wa Shangazi ulibanwa kati ya mlango na jiwe.

Tuliporuhusiwa kumwona hospitalini, kesho yake jioni, alikuwa kitandani karibu na dirisha, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Uso ulikuwa umepungua. Ofisa wa kampuni alikuwa ametangulia, na alikuwa amesimama na karatasi.

"Tumelikagua gari," akasema. "Mama, ulikanyaga breki muda mrefu mno. Hilo ni kosa la dereva."

Shangazi hakubisha. Alitazama mkono wake.

"Labda ni kweli," akasema. "Labda nimezeeka. Nilikuwa na kichanga cha siku mbili kwenye gari, na ningekiua mwenyewe, mimi niliyekipokea."

"Usiseme hivyo, dada," Baba akasema. "Ajali haina kinga." Kisha akamgeukia ofisa. "Ila nami nashangaa. Barua za wenye magari zinakuja kila wiki. Ni mmoja tu aliyewahi kulalamikia breki. Mmoja, basi."

"Unaona?" ofisa akamwambia Shangazi.

Shangazi akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesomewa hukumu na kuikubali. Machozi yalimtoka, na hakuweza kuyafuta kwa mkono aliouzoea. Akatumia ule wa kushoto, akakosea, akajigonga puani.

Hapo ndipo nilipolia. Mama alidhani nalia kwa huruma, akanivuta. Nikajitoa.

"Si mmoja," nikasema. "Baba, ni watatu. Barua mbili nilizificha."

Nikasema yote, mwalimu mkuu na walimu wake, dereva wa hospitali, jalada la atlasi. Nikasema na habari ya shuka. Sikunyamaza, maana nilijua nikinyamaza sitaanza tena.

Baba alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilingoja kofi, na ningelipokea. Badala yake aliuliza, "Kwa nini?"

"Uliacha kupiga mluzi."

Akajifunika uso kwa viganja. Alipoviondoa alimtazama Shangazi, si mimi. "Dada, mimi nilianza. Niliandika mteremko wowote, na mteremko ule sikuushuka. Niligeuzia juu. Mtoto huyu alikuwa nyuma yangu, ameona."

Ofisa alianza kukunja karatasi yake. Baba akamwambia, "Ngoja. Hiyo usiikunje. Nitahitaji nakala."

Jumatatu, Baba na Fundi waliazima Kifaru cha mteja mmoja wa gereji, wakakijaza magunia ya mchanga. Fundi, ambaye kwa kawaida hawezi kusema maneno matano bila mzaha, alisema tu, "Twende," akafunga mkanda. Walishuka kidogo kidogo, vijana wa gereji wakitembea kando na kabari za mbao za kuzuia magurudumu, na mtu mbele akisimamisha magari. Kabla ya nusu ya mteremko pedeli ilizama. Vijana wakasukuma kabari chini ya magurudumu, gari likasimama. Fundi alirudi mikono inanuka breki, akamwambia Mama, "Shemeji, yule dada yetu si dereva mbaya. Mimi kwa pedeli ile ningemwaga watu wote."

Jumatano hiyo ukurasa haukuwa na picha ya Baba. Barua zote tatu zilichapishwa nzima. Juu yake Baba aliandika kwamba alisifu breki asizozijaribu, kwamba barua zilicheleweshwa nyumbani kwake, na kwamba mkunga aliyeumia hakuwa na kosa. Hakutaja kwamba aliyezichelewesha ni mtoto. Aliandika "nyumbani kwangu" tu, akaubeba mzigo wote.

Barua zilikuja mpaka zikajaa kapu, zikiwemo za watu kumi na wanane waliokuwa wakidhani ni wao peke yao. Kampuni ikasimamisha mauzo, ikayaita magari yote na kuyabadilishia breki bure. Ilimwandikia Shangazi barua ya kumwomba radhi, ikalipia matibabu yake. Hakuna mtu mwingine aliyeumia mlimani.

Baba alinyang'anywa ukurasa. Mhariri alisema msomaji akishadanganywa na jina, jina hilo hulisoma kwa jicho moja. Akampa kazi ya kusahihisha makosa ya chapa, kwenye chumba kisicho na dirisha. Alikwenda kila siku, akarudi kila siku. Mluzi sikuusikia tena mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Mkono wa Shangazi ulipona jeraha, lakini vidole vitatu havikukunjika tena. Mkunga hawezi kumpokea mtoto kwa vidole viwili. Alirudi kliniki ya uzazi kuwafundisha wakunga vijana kwa mdomo, akisimama pembeni, mikono nyuma. Niliona mara moja mtoto akitoka na Shangazi akinyoosha mikono bila kujua, kisha akairudisha.

Kalamu nayo hakuweza kuishika. Likizo ilipofika akaniita nimwandikie daftari la wanaojifungua. Nilikwenda nikiwa naogopa. Tangu hospitalini hatukuwa tumebaki wawili peke yetu.

"Shangazi," nikasema, "nisamehe."

"Nilikusamehe palepale, ulipofungua mdomo mbele ya yule ofisa. Usingesema, ningekufa najiita muuaji. Lakini kusamehe hakunirudishii vidole, mwanangu, na sitakudanganya kwamba siumii." Akalisogeza daftari mbele yangu. "Andika."

Alinisomea: jina la mama, saa, uzito wa mtoto. Kisha akasema, "Mama alivuja damu nyingi. Mwalimu wa zamu, yaani mimi, alichelewa kuitambua."

Kalamu yangu ikasita. Nilimtazama.

"Mbona umesimama?"

"Shangazi, hilo nalo? Watu watasema..."

"Watasema. Sikiliza. Yule mama atakuja kuzaa tena. Labda mimi sipo, wewe hupo, atakayempokea hatujui hata jina. Atafungua daftari hili na kuliamini, kwa sababu hana kingine cha kuamini. Nilipokuuliza kule uani, nami sikuwa na kingine. Mtu akikuuliza kwa sababu yeye hawezi kuona, amekupa macho yake. Ukimficha shimo ili moyo wa mwingine usiumie, umechagua nani atumbukie. Baba yako alichagua bila kujua, nawe ukachagua. Msichague tena."

Niliinama. Machozi yalidondoka kando ya karatasi, nikayafuta yasiharibu wino.

"Alichelewa," Shangazi akarudia, taratibu, kama anayemsomea imla mtoto wa darasa la kwanza, "kuitambua."

Nikaandika kama alivyosema.